Mkono wa Rako

Kila Jumamosi asubuhi Sauda alifagia duka la baba yake, akapanga madaftari mbele na sabuni nyuma, kisha akaanza kuchungulia kwa jirani. Jirani huyo, Jonah, alikuwa na televisheni, jenereta yenye kelele kuliko lori, na mchezo mmoja tu wa video ambao watoto wa mji wa Mwingi waliupenda kupita kiasi. Shujaa wa mchezo huo aliitwa Rako. Alizungusha mkono wake wa kulia na kuangusha majitu. Sauda, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimchezesha Rako vizuri kuliko wavulana wote, na hakuona haya kuwaambia hivyo.

Wakati wa likizo, Bwana Mbugua, mfanyabiashara aliyeleta bidhaa kutoka Nairobi, alitoa kitu mkobani na kukiweka juu ya kaunta. Sauda aliduwaa. Alikuwa Rako mwenyewe! Ilikuwa sanamu ya plastiki ya kuchezea, ndani ya boksi lenye dirisha la nailoni, kifua mbele na macho makali.

"Mzee Abubakar, hizi watoto watazigombania," Mbugua alisema.

Baba alikuna kidevu. Shule zilikaribia kufunguliwa, na pesa alizokuwa nazo zilikuwa za madaftari na sare. Akizitumia kununulia sanamu, na sanamu hizo zisipopata wanunuzi, duka lingedorora muhula mzima.

"Mimi haya mambo ya gemu siyajui," alisema. "Sauda ndiye anayajua. Wacha aikague, nitakujibu ukirudi Jumatatu."

Mbugua alimwinamia Sauda akitabasamu. "Baba akichukua katoni mbili, hii inabaki yako."

Mchana kutwa Sauda alimtazama Rako kupitia dirisha la boksi. Hakulifungua, kwa sababu aliona ni dhambi kurarua boksi zuri kama lile. Jioni baba alipomuuliza, hakusita.

"Ni nzuri sana, Baba. Rangi imepakwa vizuri, haijatoka nje ya mstari hata kidogo."

"Basi tutachukua," baba alisema. Akaenda kuwasimulia majirani jinsi binti yake anavyojua vitu.

Kesho yake alikuja Syombua, rafiki yake Sauda. Baba yake Syombua alikuwa dalali wa mbuzi, na msichana huyo alikulia sokoni. Alisikiliza sifa zote za Rako, kisha akaangua kicheko.

"Aiya! Ati ni nzuri, na hata hujaitoa? Baba yangu hawezi kununua mbuzi aliye bado kwa lori. Lazima ashuke, afunguliwe mdomo, ashikwe mgongo, atembee. Wengine ni wazuri wakilala tu!"

Sauda alikasirika, hasa kwa sababu ilikuwa kweli. Wakalifungua boksi. Walipomsimamisha Rako sakafuni, alianguka kifudifudi. Magoti hayakupinda. Shingo iligeuka vizuri, hilo walilikubali, na upanga ulikaa mkononi barabara. Kisha Sauda akauzungusha ule mkono wa kuangushia majitu. Ukang'oka begani na kuviringika chini ya mifuko ya unga.

"Pengine ni hii moja tu," Syombua alisema kwa huruma.

Sauda aliubandika mkono kwa gundi. Ulishika, lakini sasa haukusogea. Alipomrudisha Rako ndani ya boksi, alipendeza kama jana. Moyo ulimuuma Sauda. Alimtaka Rako, hata mwenye mkono wa gundi, na akinyamaza angempata. Tena angeanzaje kumwambia baba, aliyekwisha kumsifu mtaa mzima?

Jumatatu Mbugua alifika na katoni mbili. Baba akafungua droo ya pesa.

"Baba, ngoja!" Sauda alisema. "Nilikuambia ni nzuri bila kuijaribu. Niliangalia boksi tu. Mkono uling'oka nikaubandika na gundi. Hata kusimama haisimami."

"Huyu mtoto anataka kuniharibia kazi," Mbugua alinung'unika.

Baba alichukua sanamu moja kutoka katoni, akazungusha mkono. Ukang'oka. Akachukua ya pili, nayo ikawa vivyo hivyo. Mbugua alifuta jasho.

"Haki, hata mimi sikuzifungua," alisema kwa sauti ya chini. "Niliona boksi nikalipa."

"Hizi mrudishie aliyekuuzia," baba alisema huku akifunga droo. "Mimi niletee madaftari na sare."

Mbugua alipoondoka, Sauda alilia. "Nimekuaibisha, Baba."

"Ungenyamaza ndipo ungeniaibisha," baba alimjibu. "Mtoto akivunjikiwa na kitu alichonunua hapa, hatamfuata Mbugua Nairobi. Atakuja kwangu na machozi yake. Ukipewa kazi ya kukagua kitu, mwanangu, kikague kama wewe ndiwe utakayekitumia. Na ukigundua umekosea, sema mapema, hata kama unaona haya."

Muhula ulipokwisha, Mbugua alirudi na sanamu za aina nyingine. Safari hii hakuzungumza na baba kwanza.

"Sauda, njoo," aliita. "Ifungue wewe."

Sauda alirarua boksi, akakaa chini mlangoni na kucheza hadi chai ikapoa. Kisha akainua kichwa.

"Mkono ni imara, Baba. Magoti bado hayapindi vizuri. Chukua, lakini chache."

Baba akachukua chache.