Sahani Nzito, Vijiko Vizito

Mlinzi wa duka la vyombo alimzuia kinyozi mlangoni kwa sababu ya sahani. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, na yule bwana aliibeba sahani yake kifuani, kaiviringisha kwa taulo la kazini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mlinzi akamwambia kuingia nayo si shida, shida ni kutoka nayo, maana humo ndani zimo sahani nyingi na yeyote anaweza kudai moja ni yake. Kinyozi akabaki anajieleza, foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, mpaka muuzaji mmoja akaacha rafu zake akaja kuona kuna nini.

Alikuwa amevaa shati la kijani la duka, limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na kichwani kilemba cha rangi ya manjano iliyoiva. Akafunua taulo. Sahani ilikuwa ya udongo mzito, kijivu cha wingu la mvua, ukingo wake mweusi. Akamwambia mlinzi amwache mteja apite, kwani duka lao halijawahi kuuza sahani nzuri hivyo.

Wenzake walimwita Mizani, kwa kuwa hakuwahi kumshauri mtu kununua kijiko kabla ya kukipima uzito kiganjani. Kinyozi akamweleza kwamba amehamia vyumba viwili vyake mwenyewe, kwamba dada yake mkubwa amempa sahani sita za namna hii ili asile tena kwenye kifuniko cha sufuria, na kwamba vijiko alivyonavyo ni viwili, vyepesi kama jani, kimoja kimepinda.

Mizani akaiweka sahani juu ya kaunta, akaanza kuipambanisha na vijiko kimoja baada ya kingine. Vile vya mpini wenye maua akaviondoa mara moja. Sahani hii imetulia, alisema, haitaki kelele pembeni yake. Vile vyembamba vilionekana kama yatima mezani. Vya mpini wa mbao vilipendeza, lakini maji huingia kwenye kiungo na mwaka hauishi vinalegea. Yale masanduku yenye seti nzima akamkataza hata kuyagusa, maana mtu anayeishi peke yake ananunua uma ishirini za nini. Akamwonyesha trei la vijiko vinavyouzwa kimoja kimoja, vya chuma kisichoshika kutu, visivyong'aa sana, ambavyo mikwaruzo haionekani haraka. Akamfundisha kupitisha kidole kati ya meno ya uma kuhakikisha hayakwaruzi.

"Sasa kiweke juu ya kidole, hapa shingoni," akamwambia. "Kikitulia, ujue kichwa na mpini vimepatana."

Kinyozi akanyoosha kidole cha mkono wa kulia. Kijiko kikatetemeka, kikayumba, kikaanguka sakafuni kwa mlio uliowageuza watu wa rafu tatu.

Mizani akacheka. "Unakiogopa kijiko, au unaniogopa mimi?"

"Wewe," akajibu upesi.

Ulikuwa uongo, ila si wote. Alinunua vijiko vinne, uma nne na visu vinne, vyote vizito, vya mpini mnene. Alipotoka, nambari ya simu ya Mizani ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyofungia vijiko, na kinyozi alikuwa ameuficha mkono wa kulia mfukoni.

Mkono huo ulikuwa na miezi mitatu tangu uanze kutetemeka. Mwanzoni alidhani ni uchovu, kisha akasingizia kahawa, akaiacha kahawa. Alikuja kuujua ukweli siku alipokunywa supu peke yake na kijiko kikafika mdomoni nusu tupu. Hapo akakiweka kijiko chini, kwa sababu aliwahi kuuona mkono kama huo. Ulikuwa wa baba yake.

Baba yake alikuwa mchora mabango, mtu wa kuandika jina la duka bila rula na mstari usipinde. Mkono ulianza kutikisika taratibu, akaacha brashi, akaacha vifungo vya shati, na mwishowe mama akawa anamlisha uji kwa kijiko. Alichokumbuka kinyozi si uji wala kidevu kilicholowa. Alikumbuka macho ya baba, jinsi yalivyotazama ukuta ili yasikutane na macho ya mkewe. Na mama, aliyekuwa mcheshi wa mtaa mzima, alizeeka miaka kumi ndani ya mitatu. Kinyozi alijiapia kwamba hakuna mwanamke atakayezeeka hivyo kwa ajili yake.

Sasa kiapo kile kikakutana na simu. Mizani alipiga kila mchana saa ya mapumziko, akala mkate wake huku anaongea.

"Hujambo, kinyozi wangu? Vijiko vinakutii?"

"Vinatii, mama vijiko. Vinauliza utakuja lini kuvikagua."

"Nikaribishwe kwanza. Mimi si mkaguzi wa kuvamia nyumba za watu."

Na hapo kinyozi aligeuza maneno. Alimpeleka kutembea, alimpeleka kuona mpira, alimnunulia matunda yaliyokwisha katwa. Chai aliagiza nusu kikombe, akisema inapoa vizuri hivyo. Mizani alivaa gauni lake la zambarau mara mbili kwa matumaini ya kupelekwa mahali penye meza, na mara zote mbili walikula ndizi wakiwa wamesimama. Aliponyanyua macho kumwangalia, kinyozi alihisi furaha na hofu zimeingia kwa mlango mmoja, na hofu ndiyo iliyotangulia kuketi.

Kisha kikatokea alichokuwa akikiogopa zaidi. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wake wa miaka mingi, alikuja kukwanguliwa ndevu. Kinyozi alimpaka povu, akanoa wembe, akashika kidevu kwa mkono wa kushoto. Chini kidogo ya sikio mkono wa kulia ukaruka. Haukuruka sana. Lakini mstari mwembamba mwekundu ukajichora kwenye povu jeupe, na mwalimu akashtuka.

Jeraha lilikuwa dogo, likakauka kwa pamba. Mwalimu mwenyewe alisema hata mbuzi hukosea njia ya zizini. Kinyozi hakusikia mzaha. Aliona upana wa kidole kimoja kati ya mstari ule na mshipa uliokuwa ukidunda shingoni. Akamwomba mwenzake wa kiti cha pili amalizie, akaingia stoo, akakalia ndoo iliyogeuzwa, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama mtu anayemshika mwizi.

Juma hilohilo Mizani akamwambia kwamba mama yake anataka kumwona, Jumapili mchana, chakula cha kukaa mezani. Mama huyo alipikia shule miaka thelathini, na bintiye alitania kwamba humjua mtu kwa jinsi anavyoshika kijiko. Alikuwa anatania tu. Kinyozi hakulala vizuri siku tatu.

Jumapili alivaa shati jeupe na suruali ya kijivu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Alifika mlangoni. Ndani alisikia sahani zikipangwa, uma zikigongana, sauti ya Mizani ikiuliza kama mgeni akae upande wa dirishani. Akainua mkono abishe hodi. Mkono ukatetemeka hewani, mbele ya mbao, na akaona meza nzima akilini: supu, kitambaa, macho ya mama mtu. Akaushusha. Akateremka ngazi polepole ili viatu visisikike, akazima simu.

Hakuiwasha siku nne. Dada yake alipopita kumjulia hali na kuuona mkono ukihangaika na kifungo, hakuuliza mengi, kwani naye alikuwa binti wa baba yuleyule. Alimwambia mficha maradhi kilio humfichua, akamsihi aende hospitali. Kinyozi akajibu kwamba asipokwenda bado anaweza kuwa mzima. Dada akatazama chini, akaondoka.

Siku ya tano, asubuhi, Mizani akaingia kinyozini. Alikuwa na sare yake ya kazi na macho yaliyovimba. Hakusalimia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamtazama kupitia kioo.

"Niambie jina lake tu," akasema. "Huyo mwanamke. Sitafanya fujo."

Mwenzake wa kiti cha pili akakumbuka ghafla kwamba ana sabuni ya kununua, akatoka.

"Hakuna mwanamke."

"Mama alipika tangu alfajiri. Nilikaa dirishani nikakuona unavuka barabara kuja. Nikakuona unavuka kurudi. Kama ni mimi, niambie ni mimi."

Kinyozi aliweka kitana chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu yeyote. Alinyoosha mkono wa kulia mbele ya kioo, vidole wazi, akauacha. Ukatetemeka pale mbele yao wote wawili, na hakuuficha.

"Baba yangu alianza hivi," akasema. "Mama alimlisha kwa kijiko mpaka mwisho. Niliogopa wewe usije ukawa yeye."

Akamweleza yote, supu na uji na shingo ya mwalimu. Mizani alikuwa amepauka, na kinyozi akaona kwamba sasa hofu imemshika na yeye pia, hasa Mizani alipokumbuka kijiko kilichoanguka dukani na jinsi alivyokicheka. Kinyozi alitarajia Mizani ainuke aende zake, na sehemu moja ya moyo wake ilitamani hivyo, yaishe.

"Daktari amesemaje?" Mizani akauliza hatimaye.

"Sijaenda."

"Yaani umeniacha kwa ugonjwa ambao hujaambiwa unao?"

Mizani akaomba ruhusa kazini kwa simu, akiwa bado kwenye kile kiti, akasema ana mgonjwa wa kumpeleka hospitali.

Walisubiri kwenye benchi refu la kijani lililobanduka rangi. Kila mlango ulipofunguliwa kinyozi aliinuka nusu, akaketi tena. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alimwomba achore mduara unaojizungusha kama gamba la konokono, amimine maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine, anyooshe mikono, kisha ailaze mapajani aiache. Aliuliza kuhusu baba kwa muda mrefu. Mwishoni akasema ukweli wake bila kuupaka sukari. Kutetemeka ni kwa namna nyingi. Kuna kule kunakobaki kutetemeka tu maisha yote, na kuna kule ambako ni mlango wa jambo jingine. Kwa sasa hawezi kuapa ni kupi. Atampa vidonge, na arudi baada ya miezi sita. Wembe auweke chini. Mashine ya kunyolea yenye kitana cha kuzuia anaweza kuendelea nayo.

Nje, kwenye jua, kinyozi akasema kwamba kutojua ni kubaya kuliko kujua, na kwamba Mizani hana deni lolote kwake, anaweza kwenda sasa hivi na hakuna atakayemlaumu. Mizani akamwambia mama yake bado ana maharage ya Jumapili kwenye jokofu, na Jumapili nyingine inakuja.

Kinyozi akaenda. Safari hii alibisha hodi kwa mkono wa kushoto. Mama yake Mizani alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, khanga imefungwa kiunoni kama bado yuko jikoni kwa watoto mia nne. Alimpokea kwa maneno machache, akampakulia supu yeye mwenyewe, bakuli likajaa. Kinyozi alitazama ule mduara wa supu kama mtu anayetazama mto anaotakiwa kuuvuka. Akashika kijiko. Kijiko cha kwanza kilifika. Cha pili kilimwagika kwenye kitambaa cheupe, doa likatambaa likapanuka.

Mama akalitazama doa. "Nimepikia watu miaka thelathini," akasema. "Kitambaa kisichomwagikiwa sijakiona. Kula, mwanangu."

Kinyozi akaweka kijiko chini.

"Mama, nataka kumwoa binti yako," akasema. "Na naogopa."

"Unaogopa nini?"

Akasema. Alisema kuhusu baba na mama yake, na daktari asiyeweza kuapa. Sauti ilitetemeka kuliko mkono. Alipomaliza, mama akamgeukia bintiye.

"Wewe umeyasikia haya?"

"Nimeyasikia."

"Na huogopi?"

"Naogopa sana, mama. Jana nimelia napanga uma rafuni, mteja akanipa leso." Mizani aliukunja ukingo wa kitambaa, akaukunjua. "Lakini nikimwacha nitaendelea kuogopa vilevile. Tofauti ni kwamba nitakuwa peke yangu, na yeye peke yake."

Mama akasogeza bakuli lake pembeni. Alimfikiria nani, hakusema. Kulikuwa na picha ya mwanamume ukutani, nyuma ya kiti alichokalia, na hakuna aliyeitazama. Kisha akauliza hiyo miezi sita ya daktari inaisha mwezi gani. Kinyozi akamtajia.

"Basi harusi iwe kabla," akasema mama.

"Kabla?"

"Kabla. Mkingoja majibu ya daktari, mmoja wenu atakuja kudhani aliolewa na karatasi."

Akainuka kwenda kuleta wali. Mizani akanyoosha mkono juu ya meza, akaufunika ule wa kinyozi kwa wake. Ule wa chini ulitetemeka, na wa juu nao ukatetemeka kidogo, na wote wawili wakausikia mlango wa jokofu ukifunguliwa, na mama akiuliza kutoka jikoni ni nani atakayekula maharage ya juma lililopita.