Uso Uliokatwa

Doa lilianza dogo, kama punje ya mchele, shavuni mwa binti aliyekuwa akitabasamu kwenye video. Mwalimu wa sanaa akalifuta kwenye shuka jeupe walilolitundika maktaba. Halikutoka. Akafuta lenzi ya projekta. Wapi! Binti wa kwenye video alipogeuza shingo, doa nalo likageuka naye.

"Ni vumbi tu," akasema mwalimu, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Binti huyo alikuwa mwanawe wa pekee, mwanafunzi wa shule hiyohiyo, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Na Kasuku hakuwahi kusuka hata kikapu kimoja maishani mwake. Mikono iliyoonekana ikisuka kwenye video haikuwa yake.

Mwanzoni, walimu walipokutana kutafuta mawazo ya tamasha la utamaduni, kila mmoja alikuja na lake. Huyu alitaka maonyesho ya vyungu, yule picha za kale. Wazo la mwalimu wa sanaa likawabwaga wote: vikapu vipangwe kuzunguka ukumbi, na katikati ionyeshwe video ya mtu anayevisuka. Mkuu wa shule alifurahi mpaka akapiga meza.

Msusi akapatikana, kikongwe aliyejulikana kama Bibi Vikapu. Nusu ya uso wake iliungua zamani, na jicho moja lilikuwa limevutwa chini hadi karibu na shavu. Alikubali kurekodiwa kwa sharti moja tu.

"Mikono yangu usiitenge na uso wangu, mwanangu," alisema, akigusa lile kovu. "Kuna anayekaa hapa. Ndiye aliyenifundisha kusuka. Hapendi kufichwa."

"Sawa, bibi," mwalimu aliitikia, kwa ile heshima tunayowapa wazee tukiwa hatuwasikilizi. Alipokaa mbele ya kompyuta na kuuona uso ule umejaa kioo kizima, akawafikiria wageni na watoto wao watakaolia kwa hofu, akaukata. Akabakiza mikono, akabandika uso wa Kasuku, kisha akaifuta rekodi ya awali yote. Tena alilala fofofo, msidhani dhamiri ilimsumbua.

Siku ya majaribio Bibi Vikapu alialikwa aje ajione. Alikaa kiti cha mbele na nguo zake nzuri, akatazama mpaka mwisho.

"Mikono ni yangu," akasema. "Mimi mwenyewe niko wapi?"

Walimu wakaanza kuviangalia viatu vyao. Bibi akajitanda mtandio wake, akatoka bila kuaga. Mlango ulipofungwa nyuma yake, ndipo doa lilipotokea.

Jioni hiyo nyumba ya mwalimu ilinuka ukindu uliolowekwa, harufu nzito ya majani yanayoanza kuoza. Kutoka chumbani kwa Kasuku kulisikika sauti ya majani yakipitishwa na kuvutwa, chwa, chwa, chwa, kama mtu anasuka bila haraka. Mwalimu akafungua mlango. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, kimya, mikono mitupu mapajani.

"Kasuku, mbona umenyamaza?"

"Mama," akanong'ona, "kuna mtu ananishika uso."

Asubuhi mlinzi wa lango la shule alimzuia Kasuku, akamuuliza yeye ni mgeni wa nani. Darasani, rafiki yake wa tangu chekechea akahama dawati asikae na mtu asiyemjua, na mwalimu wa darasa akaita jina lake, akatazama huku na huku, akaandika kwamba hayupo, huku mtoto amesimama mbele yake anaitikia kwa machozi. Mwalimu wa sanaa alipompokea mlangoni kwao mchana huo alimtazama yule msichana mwenye sare, akaangalia ukutani ambako picha zote za mwanawe zilikuwa na doa jeupe badala ya sura, akamtazama tena, na kwa muda ambao hatausahau mpaka kufa akajiuliza, hivi huyu mtoto ni wa nani?

Akakimbia mpaka kwa Bibi Vikapu, akapiga magoti.

"Bibi, nimekosa. Nisamehe, mwanangu anapotea!"

"Mimi nilishakusamehe palepale maktaba," alisema bibi, wala hakuacha kusuka. "Yeye ndiye hajasamehe. Hajui hata kusamehe ni kitu gani."

"Anataka nini?"

"Ulimkata uso mmoja. Naye atakata mmoja."

Mwalimu hakufikiri mara mbili. Mama gani angefikiri? "Basi achukue wangu. Mtoto amwache."

Mikono ya bibi ikasimama. "Mwanangu, usitoe neno usilojua uzito wake."

"Achukue wangu!"

Ndani ya nyumba ile, ambamo walikuwa wawili tu, mtu wa tatu akacheka taratibu. Bibi akafumba jicho lake zima.

"Amekusikia," akasema. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi nakupa pole."

Siku ya tamasha ukumbi ulifurika. Taa zikazimwa, na kwenye shuka ukatokea uso wa Bibi Vikapu mzima, kovu lake na jicho lake, uso ambao haukuwa tena kwenye kompyuta yoyote. Akatabasamu, akaeleza kazi yake kwa sauti tamu. Hakuna mtoto aliyelia. Watu walisimama wakapiga makofi. Na mstari wa mbele, katikati ya rafiki zake, Kasuku alikuwa akipayuka bila kituo, sura yake imerudi yote. Mwalimu akalia kwa furaha. Akaenda kukaa na wenzake.

"Samahani, mama," mkuu wa shule akamwambia kwa upole. "Viti hivi ni vya walimu."

Akacheka, akidhani ni utani. Mkuu hakucheka. Wenzake wakavuta miguu kando kama watu wanaompisha mgeni, naye akaelewa, akatoka akikimbia njia nzima mpaka kwake, na akakuta Kasuku amemtangulia kwa gari la mzazi wa rafiki yake. Akabisha. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Shikamoo," akasema Kasuku. "Mama hajarudi."

"Kasuku, ni mimi!"

Msichana akarudi nyuma hatua moja. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya mtoto mchanga anayecheka, amebebwa na mwanamke mwenye doa jeupe juu ya shingo.

"Subiri hapohapo, nampigia."

Akabonyeza simu. Ndani ya mkoba wa mwalimu simu ikaita. Kasuku akautazama mkoba, akamtazama mwenye mkoba, akaushika mlango.

"Umempeleka wapi mama yangu?"

Kisha komeo likashuka. Nyuma ya mlango mtoto akawa anapiga mayowe ya kuwaita majirani, na katikati ya mayowe yake mwalimu akaisikia ile sauti, chwa, chwa, chwa, ikisuka bila haraka.