Mraba wa Rodica

Kila asubuhi kabla ya shule, Rodica alimpelekea bibi yake, Paraschiva, ndoo ya maji zizini. Siku hiyo alibeba na daftari kwapani.

Jana yake Mwalimu Todoran alikuwa amewasomea idadi ya aina za mimea katika nchi mbalimbali. Brazili ilikuwa juu kabisa, makumi ya maelfu. Romania, nchi yao, ilikuwa na elfu chache tu. Darasa lilinuna. Mwalimu akawaambia kwamba katika kipande kidogo cha ardhi, malisho yanayokatwa kwa mundu kama yao ni miongoni mwa yenye aina nyingi zaidi duniani. Akampa kila mtoto fremu ya mbao, mita moja kila upande, ahesabu aina za mimea zilizomo ndani yake. Orodha zingetumwa kwa shule za nchi nyingine, na kila Juni wangehesabu tena palepale.

Rodica alipata aina thelathini na nne. Dumitru, jirani yake, alipata arobaini.

"Hata mbuzi wetu angekushinda," Dumitru alimtania. "Yeye angalau huinamisha kichwa."

Rodica akaongeza saba za kubuni kwenye orodha yake, zikawa arobaini na moja.

Bibi aliisoma orodha polepole. "Mjukuu wangu, ua hili la zambarau umeandika limechanua sasa, Juni. Mimi nalijua kwa miaka sitini. Huchanua Septemba, majani yakishakatwa."

Rodica akainama, kisha akasema kweli. Bibi hakumgombeza. Alimuuliza tu watu watasema nini mwakani wakikuta thelathini na nne.

"Watasema malisho yetu yanakufa," Rodica akajibu taratibu.

Alimwambia mwalimu kabla ya kengele. Mwalimu akamrudishia fremu. Safari hii Rodica alipiga magoti, akayatenganisha majani kwa vidole. Chini kabisa alikuta aina tano alizozipita jana. Moja ilikuwa ile ya Septemba: majani tu, bila ua.

"Thelathini na tisa," alisema darasani. "Dumitru amenishinda."



Mwalimu aliandika namba hiyo ubaoni. "Watoto wa Brazili hawapo hapa kutuona," alisema. "Wanatuamini tu. Mimea ya kubuni hakuna atakayeikuta mwakani. Lakini hii thelathini na tisa ya Rodica, asiyeamini aje apige magoti."