Usukani wa Gari la Kongo

Kila asubuhi Atai alifanya kazi zake zote bila kukosea, na hilo ndilo lililomtia nyanya yake wasiwasi. Aliteka maji, akafagia ua, akamwogesha mdogo wake Egau, kisha akavaa sare na kwenda shule. Hakunung'unika hata kidogo. Zamani msichana huyu wa miaka kumi na miwili aliweza kugombana hata na ndoo. Lakini tangu baba yake afariki na kuzikwa pale uani, alikuwa mtu wa "ndiyo" na "sawa" tu. Siku ya mazishi hakulia, na baadaye pia hakulia. Kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu hadi ukafa ganzi: upo, lakini hausikii kitu.

Nyumbani kwao ni Buteba, karibu na mpaka wa Kenya. Baba aliacha shamba la mihogo na wimbi, yaani ulezi, na gari moja kuukuu aina ya Landrova, ambalo lilikuwa limezeeka kabla Mama hajazaliwa. Kwa gari hilo alikuwa akiwapelekea majirani mazao yao sokoni Busia na Nagongera. Sasa Mama, ambaye jina lake ni Apolot, ndiye aliyeishika kazi hiyo. Kuendesha alijua, ila usukani wa gari lile ulikuwa mgumu ajabu, na bega lake liliwahi kuteguka. Akirudi kutoka sokoni alishindwa hata kuinua sufuria.

"Bega likizidi hivi, gari nitaliuza," Mama alisema jioni moja. "Kuna mtu wa vyuma chakavu anataka kulikatakata. Na likienda, sijui tutakula nini."

Atai alisikia. Alijua kwamba maneno hayo ni ya kuogopesha, lakini woga wenyewe haukuja.

Emoit, mdogo wa marehemu baba yake, alikuwa fundi wa magari, na habari ya kuuza hakutaka kuisikia. "Shemeji, ngoja kwanza," alimwambia Mama. "Tutalitia pawa stering. Ni mtambo wa mafuta unaomsaidia dereva kukata usukani. Nikipata stering boksi ya Landkruza, kile kisanduku cha chuma kinachogeuza magurudumu, utapiga kona kwa kidole. Tororo kule magari mabovu yamejaa."

Jumamosi Emoit alimchukua Atai wakaenda Tororo. Alisema anataka msaidizi wa kuchagua vipuri, ingawa kila mtu alijua kwamba Nyanya ndiye aliyemwagiza amtoe mtoto nyumbani.

Yadi ya mzee Ochwo ilikuwa kando ya barabara kuu. Ilijaa magari yaliyopata ajali, yakiwemo yale yaliyotoka bandarini yakielekea nchi za mbali na hayakufika. Ochwo alikuwa Mjapadhola na Emoit alikuwa Mteso, kwa hiyo walielewana kwa Kiswahili cha mpakani.

"Karibu, fundi! Hapa kila kitu iko. Ata ukitaka mlango ya ndege, natafuta."

"Ndege bado sijanunua, mzee. Nataka stering boksi ya Landkruza, ya pawa."

"Hiyo iko. Opendi! Toa ile boksi!"

Wanaume hao wawili walikaa kwenye benchi kuanza kazi wanayoipenda, yaani kubishana bei. Atai alimfuata Opendi, kijana wa yadi, hadi kwenye Landkruza nyeupe iliyopondeka nyuma. Opendi alipoinama chini ya boneti, Atai alipanda akakaa kwenye kiti cha dereva. Usukani ulikuwa upande wa kushoto. Ukikaa hapo, lango, barabara na maduka vilionekana kama vimehamishwa.

"Hii ilikuwa nakwenda Kongo," Opendi alisema huku akifungua nati. "Huko usukani nakaa upande ingine."

"Sawa," Atai alijibu.

Opendi aliitoa stering boksi, akaiweka mezani, kisha akaenda kufungua gari jingine. Emoit aliigeuza huku na huku.

"Imetoka gari gani, mzee? Isije ikawa ya usukani wa kushoto. Nikiifunga kwenye Landrova yangu, itageuza magurudumu kinyume."

"Ya hapa hapa, fundi! Kitu ya kushoto mimi nauzia nani?"

Atai alikuwa ameshuka na kusimama kando yao. Alijua. Maneno yenyewe yalikuwa machache na mtoto yeyote angeweza kuyasema. Lakini akisema ataulizwa, na akiulizwa ataeleza, na wazee watapandisha sauti. Yote hayo yalimchosha kabla hayajaanza. Akautazama Mwamba wa Tororo, lile jiwe kubwa lililosimama juu ya mji, akanyamaza.

Emoit naye angeweza kutembea hatua chache akajionea mwenyewe. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila kuangalia kuna faida zaidi. Bahati mbaya njaa ilikuwa inamuuma na harufu ya chapati ilikuwa inatoka ng'ambo ya barabara. Akalipa, wakala, wakarudi Buteba kwa boda boda, Atai akiwa ameipakata stering boksi kama mtoto mchanga.

Kuifunga hakukuwa mchezo. Emoit alikata vyuma, akachomelea pa kuishikiza, akavuta mipira ya mafuta. Hatimaye aliinua gari kwa jeki, akasimama mbele yake akilitazama uso kwa uso.

"Panda, Atai. Nikisema kulia, kata kulia."

Atai alipanda.

"Kulia!"

Alikata kulia. Usukani ulikuwa mwepesi kweli. Magurudumu yakageukia upande wa mkono wa kulia wa Emoit.

"Safi kabisa!" Emoit alipiga makofi. Kwa furaha alisahau jambo moja: anayelitazama gari uso kwa uso, mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa gari.

Atai hakuweza kuyaona magurudumu, boneti ilimzuia. Hata hivyo alikumbuka maneno ya Opendi. "Baba mdogo..." alianza.

"Nini tena?"

"Hakuna."

Jumapili baada ya kanisa, familia nzima ilitoka uani kushuhudia. Egau alikuwa amekaa juu ya kaburi la Baba, kwa sababu Nyanya alikuwa ameanika wimbi kwenye saruji yake, kama wafanyavyo wengi huko, na mtu alihitajika kufukuza kuku. Lango la kutokea lilikuwa kulia kwa gari. Kaburi lilikuwa kushoto.

Mama aliwasha gari, akajaribu usukani kidogo, akacheka. Walikuwa hawajamsikia akicheka siku nyingi. "Emoit! Ni mwepesi mno!"

Akaliondoa, akakata kulia kuelekea langoni. Gari likaenda kushoto.

Mama alishangaa, akafanya lile ambalo dereva yeyote angefanya: akazidi kukata kulia. Gari likazidi kushoto. Sasa lilikuwa linaelekea moja kwa moja kwenye kaburi, na Egau alikuwa anapunga fimbo yake kwa furaha akidhani Mama anamtania.

"Kulia, shemeji! Kulia!" Emoit alipiga kelele.

"Kulia, Apolot!" Nyanya naye alilia.

Kila neno "kulia" lilizidi kumsogeza Egau kwenye hatari, na pale uani ni mtu mmoja tu aliyelijua hilo.

"Breki!" Atai alipaza sauti hadi majirani wakatoka nje. "Usikate, Mama! Piga breki! Stering ni ya Kongo!"

Mama alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Bampa ilipiga pembe ya kaburi, saruji ikamegeka, wimbi likamwagika. Egau alianguka nyuma upande wa pili. Kisha akainuka akilia, nywele zimejaa wimbi, bila hata mkwaruzo.

Atai alikaa chini hapo hapo alipokuwa amesimama. Woga ulikuja wote kwa pamoja, na nyuma yake ukaja uchungu wa baba yake. Kifua kilimuuma sana. Akalia kwa kwikwi, na katikati ya kilio akaeleza yote.

"Ulijua?" Emoit aliuliza taratibu.

"Niliona usukani. Ulipomuuliza mzee nilikuwa hapo. Nilinyamaza."

Emoit alijifuta jasho usoni. Alitaka kugomba, lakini alitazama magurudumu yalivyokaa, akatikisa kichwa. "Na mimi fundi mzima nimelipima gari kwa mkono wangu badala ya mkono wa dereva."

Kesho yake alasiri walirudi Tororo. Atai mwenyewe ndiye aliyemwongoza Ochwo hadi kwenye Landkruza nyeupe. Mzee alitazama usukani, akakuna kichwa. "Basi, mwanangu. Mimi nasema tu bila kuangalia. Chukua ya kulia." Waliibadilisha, na safari hii Emoit alikaa ndani ya gari wakati wa kupima, akitoa na kurudisha kichwa dirishani mpaka Nyanya akamwuliza kama amekuwa kobe.

Kazi ilipokwisha, Nyanya alimwita Atai wakaokote wimbi lililobaki mchangani.

"Sikulaumu kwa huzuni," alisema. "Aliyelala pale ni mwanangu. Hata mimi kuna asubuhi siisikii ladha ya chai. Lakini ukiona hatari ukanyamaza, umesema uongo bila kufungua mdomo. Ochwo alisema asichokijua, na wewe hukusema unachokijua, na yote mawili yalimfikia Egau. Moyo ukifa ganzi, mjukuu wangu, ulimi usife nao. Ukweli hausubiri mpaka ujisikie vizuri. Unausema hivyo hivyo."

"Nimesikia, Nyanya," Atai alijibu. Aliendelea kuokota punje, na machozi yalipotoka hakuyafuta.

Jumamosi Atai alipanda mbele na Mama, magunia ya mihogo nyuma, wakaanza safari ya Nagongera. Walipofika penye barabara kuu, Mama alisimamisha gari. Upande wa kushoto magunia yalimziba asione vizuri.

"Atai, kwako kukoje?"

Atai alichungulia nje. Bado kifua kilikuwa kinamuuma, na hakuwa na hamu ya kuzungumza na mtu.

"Kuna lori linakuja, Mama," alisema. "Ngoja."

Mama akangoja.