Lisemwalo Lipo Wapi?

Asubuhi mie nachemsha chai, binti yangu Khairat anafagia uwanja, na mume wangu Hamid anasoma simu. Ndivyo siku inavyoanza nyumbani kwetu Mpendae. Siku ile Hamid alisoma simu, akaiacha chai ikapoa.

Alinipa nisome. Ujumbe umetoka nambari tusiyoijua. "Tumeona ulichomwandikia nduguyo. Chunga ulimi wako."

Wiki ile Hamid alimwandikia kwa WhatsApp kaka yake, Ubwa, anayekaa Mangapwani. Alilalamika kuwa serikali imechukua kiwanja chao. Maneno yalikuwa makali, lakini yalikuwa ya watu wawili tu. Nani kayaona?

Hofu ikaingia ndani. Hamid akafunga madirisha mchana, na joto lile. Tukawa tunanong'onezana ndani ya nyumba yetu wenyewe. Gari likisimama nje, nastuka. Mie muoga, sifichi. Niliogopa watakuja kumchukua mume wangu.

Mwezi huohuo tulipata jirani mpya, Mkadam, na mkewe Badria. Hamid alimuuliza Mkadam anafanya kazi gani. Akajibu, "Nnafanya kazi ya usalama." Simu yake ikalia, akaingia ndani haraka. Basi, neno hilo moja likatutosha. Hapa kwetu mtu akisema usalama, huulizi tena. Unajua ni wale wanaosikiliza watu.

Hamid akaenda barazani, akasema Mkadam ni shushushu. Wenziwe hawakumuuliza amejuaje. Walitikisa vichwa, wakasema lisemwalo lipo. Ilipofika alasiri mtaa mzima unajua. Na mie nilisaidia kulieneza, Mungu anisamehe.

Siku chache baadaye Badria alifiwa na mama yake. Siku ya hitma, ya kumsomea marehemu, alitandika majamvi, akapika masufuria mawili ya pilau. Nilichungulia dirishani. Hakuja mtu. Badria alikaa peke yake na juzuu ya Kurani mkononi, anasoma huku analia. Nilitaka kwenda, nikalifunga dirisha.

Usingizi ukanipaa. Kesho yake nikaichukua simu ya Hamid, nikaenda kwa Thuwaiba, fundi wa simu wa mtaa wa pili. Nilimweleza yote, na Mkadam nikamtia humo.

"Umejuaje kuwa ni yeye?" akaniuliza.

"Lisemwalo lipo."

"Lipo wapi? Nionyeshe."

Nikamkabidhi simu. Thuwaiba akafungua WhatsApp ya Hamid. Akabonyeza nukta tatu za juu, akaingia palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Palikuwa na kompyuta moja. Iliunganishwa tarehe tisa na bado ilikuwa wazi. Sisi kompyuta hatuna. Thuwaiba akanieleza kuwa anayekaa mbele ya kompyuta ile anasoma kila ujumbe wa Hamid, unaoingia na unaotoka.

Nilirudi nyumbani nikamwita Khairat.

"Naam, mama."

Nikamuuliza kuhusu tarehe tisa. Akakumbuka. Alichukua simu ya baba yake, akaenda duka la kutoa kopi kuchapisha barua ya kuomba kazi. Pale dukani wakamwambia aiunganishe WhatsApp na kompyuta yao. Alichapisha, akalipa, akaondoka. Hakuifunga.

Tukarudi kwa Thuwaiba, mimi na Hamid. Akaiondoa kompyuta ile mbele yetu, na akatufundisha kutazama pale kila wiki. Kisha akamgeukia Hamid.

"Serikali kuchunguza watu kupo, sisemi hakupo. Lakini ukimtaja mtu, lete ushahidi. Ujumbe ule usiufute. Andika tarehe, umpelekee wakili. Jina la mtu usilipeleke barazani."

Hamid akamwendea Mkadam akamwomba radhi.

"Usalama wa chakula," akasema Mkadam. "Nnapima viungo vya mapishi kule shamba la Kizimbani, visije vikadhuru watu. Siku ile simu ilitoka hospitali. Mama mkwe kazidiwa."

Hamid alirudi nyumbani kainamisha kichwa. Kesho yake alipita kila nyumba iliyosikia uvumi wake. Kila mlango alisema vilevile, kwamba alisema asilolijua na Mkadam hana kosa. Haikuwa rahisi. Wengine walimcheka.

Arubaini ya mama yake Badria majamvi hayakutosha. Mie nilifika alfajiri kuosha mchele. Badria hakunisemesha sana, wala sikumlaumu.

Aliyetuma ujumbe ule hatujamjua mpaka leo. Gari likisimama nje, bado nastuka. Siku ile ya arubaini, tulipokuwa tunapakua pilau, Bi Sichana, jirani yetu mwengine aliyesikia habari ya kompyuta, aliniinamia sikioni.

"Basi shushushu ni yule mwenye duka la kopi," akaninong'oneza. "Lisemwalo lipo."

Moyo wangu ulitaka kukubali. Hofu inapenda kupewa jina. Nikaweka upawa chini, nikamtazama.

"Lipo wapi?" nikamuuliza.