Nyumba Mpya Ilikula Gesi, Nikafukuzwa Mimi

Nina miaka thelathini na minne, sijaolewa, na watu wa kwetu wanasema nina mdomo mkali. Sikatai! Nimezaliwa milima ya Kivu ya Kusini, nimekulia kambi ya wakimbizi, na leo naishi Columbus, Amerika, peke yangu. Haya ninayowaeleza yalinipata Buffalo, ndani ya nyumba ya kaka yangu wa tumbo moja.

Wakati huo nilikuwa Louisville, kule South End, nafunga maboksi kwenye ghala. Kaka Bahati akanipigia simu. Amenunua nyumba, tena si ya kurithi panya za watu, mpya kabisa, rangi bado inanuka! Mama alikuwa anaishi naye. Moyo wake ulikuwa dhaifu, miguu imeanza kuvimba, na kaka na mke wake wote wanashinda kazini. Donc, basi, nije nikae na mama. Nikafunga virago wiki ileile. Kwa mama yangu ningekwenda hata kwa miguu.

Nilipata kazi ya kusafisha ofisi usiku. Asubuhi narudi, namwogesha mama, nampa uji na dawa, kisha nashuka kulala kwenye chumba changu chini ya ardhi. Chumba baridi kile! Lakini nilijifunika blanketi mbili nikanyamaza. Jioni napanda kumkanda miguu, tunacheka ya zamani. Tuliishi vizuri… mpaka theluji ilipoanguka na bili ya gesi ya kupashia nyumba joto ikafika.

Jamani! Kaka aliisoma amesimama, akaimaliza amekaa. Jirani yetu ana nyumba ya zamani, madirisha yake yanapiga mluzi upepo ukivuma, lakini alikuwa anatumia nusu ya gesi yetu. Nusu! Na aliyetuuzia alituapia kwamba nyumba mpya haipotezi joto.

Tukaanza kushuku. Kwanza mjenzi, eti ametuwekea kuta za karatasi. Kisha mita. Kisha yule jirani, eti labda amejiunga kwa siri kwenye bomba letu, kama watu wanavyojiungia umeme kule Uvira. Hapo nilicheka. Kaka hakucheka.

Fundi akaja. Akapima huku na huku, akasema nyumba haina kasoro hata moja. Halafu akakigonga kwa kidole kile kisanduku cha ukutani, kile cha kupandisha na kushusha joto, akasema kuna mtu humu ndani anayepandisha sana. Akaenda zake. Maneno yake yakabaki nasi mezani, kitandani, kila mahali, ila mama tulimficha kwa ajili ya moyo wake.

Wifi yangu akaanza kuchunguza. Asubuhi anaacha joto la kiasi, jioni anarudi anakuta limepanda hadi juu! Nani anashinda nyumbani? Mimi na mama. Mama anatembea kwa fimbo, hajui kusoma, hata simu anaiogopa. Sasa amebaki nani?

Alianza kwa utani. Eti nimezoea joto la Louisville. Eti mwanamke asiye na mume baridi humzidi! Nilimeza. Lakini nikaapa kwa Mungu kwamba sijawahi kukigusa kisanduku kile, na kaka akanitazama kama unavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni.

Mimi nami nikamshuku yeye. Kwa nini nisimshuku? Kila nilipopanda jioni nilikuta joto la kuotesha mchicha! Nikasema bon, haya basi, ni yeye. Anapandisha asubuhi akitoka, ili mimi nionekane mwongo, anitoe kwa kaka yangu. Nikaanza kusikiliza hatua zake nikiwa kule chini. Anaposalimia, najiuliza anataka nini. Anaponipakulia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, naitazama mara mbili kabla ya kula. Ndivyo tulivyoishi, watu wa damu moja na kanisa moja!

Jumapili moja, mama akiwa amelala, wifi akalipuka. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mimi jembe nimepewa, ila nalimia gesi yao! Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kaka akatusikiliza kichwa kimeinama. Mwishowe akasema, "Dada, nenda Columbus kwa binamu yetu, mpaka baridi iishe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Na mama je? Akasema mama mmoja wa kanisani atakuwa anapita. Akanisihi nisimwambie mama ukweli, moyo wake usije ukashtuka. Nimwambie nimepata kazi nzuri. Nikamwambia hivyo, na tabasamu usoni… Akanibariki. Akanishika mkono muda mrefu sana.

Kutoka Columbus nilipiga simu kila mara. Wifi anapokea: mama amelala. Kesho: mama amelala. Mpaka leo sijui kama kweli alikuwa amelala! Nilipompigia kaka, alikata mapema, eti yuko kazini. Nikasema hawa wananificha kitu.

Kabla theluji haijayeyuka, binamu aliniamsha akilia. Mama amekwenda.

Siku ya kilio kule Buffalo, nyumba imejaa watu na nyimbo, kaka akanivuta jikoni. Akapiga magoti mbele yangu. Mwanaume mzima! Akasema nilipoondoka, bili haikushuka. Basi siku moja akabaki nyumbani kimyakimya. Akamwona mama anatoka chumbani na fimbo yake, anasogea ukutani, anabonyeza mshale wa juu… anabonyeza… anabonyeza.

Alipomuuliza, mama akaeleza. Ujanani aliwafulia masista nguo kule Bukavu. Bomba zao zilikuwa na herufi: C ni chaud, maji ya moto; F ni froid, baridi. Herufi hizo mbili tu ndizo alizozijua maishani. Na kisanduku cha kaka, kama vingi vya Amerika, kina F pembeni ya namba. Ni kipimo chao cha joto tu! Lakini mama aliiona F kila siku, akajua mkwe wake ameweka baridi. Hakutaka kugombana naye nyumbani kwake. Akawa anabonyeza, F haiondoki, anabonyeza tena, mpaka hewa ya moto itoke.

Nikamuuliza kaka, ulijua lini? Akasema wiki kadhaa kabla ya msiba. Alijua muda mrefu! Alijua, na hakunipigia. Eti aliona haya. Na mama aliniuliziaje? Hapo akalia. Alikuwa anamuuliza, "Binti yangu amenichoka?"

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Kuuliza si ujinga. Ukimshuku mtu wa nyumba yako, ulizaneni mbele ya wote, mzee naye awepo! Sisi wanne tulikaa chini ya paa moja, kila mmoja na shaka yake tumboni, na swali moja tu lingetuponya. Na ukigundua umemwonea mtu, piga simu siku ileile, haya uipeleke mbali!

Kaka nimemsamehe kwa mdomo. Moyo bado. Mama yangu amezikwa akiamini nilimchoka, na sasa nani atamwambia?