Mnunuzi Aliyesimama Kushoto

Kilichoanza kupotea ni mkia wa ngamia.

Siku hiyo Yonis, dalali wa mifugo katika soko la Garissa, alisimama mbele ya dume lililoletwa kutoka Hadado, mnyama wa kumsahaulisha mnunuzi shida zake zote. Akalikagua kuanzia mdomoni, akapanda shingo, akavuka nundu, na alipofika mwisho hakuukuta mwisho. Ngamia alikatikia pajani. Baada ya hapo palikuwa na ukungu wa rangi ya vumbi, basi. Yonis akamuuliza mwenye mnyama, kwa upole kabisa, mkia ameuacha wapi.

Watu wakacheka. Mahat, dalali kijana ambaye hakuwahi kukosa neno la kumchoma mtu, akasema madaktari walipomtoa adeer Yonis, yaani ami, mtoto wa jicho walimtoa na nusu ya ngamia, na safari ijayo atauziwa kichwa kitupu na kushukuru.

Yonis akacheka kuwapita wote. Kujicheka ndio uliokuwa mtaji wake tangu enzi za kuswaga mifugo kutoka Takaba mpaka Sangailu, akisimulia kila kituo jinsi alivyopotea njia kituo kilichopita. Miezi saba nyuma alikuwa akiiona dunia kama mtu aliyezamishwa kwenye maziwa. Akapasuliwa macho yote mawili, bandeji zikafunguliwa, na neno lake la kwanza kwa mkewe Isnino lilikuwa kwamba hakujua kama ameoa mwanamke mzee hivi. Isnino akamjibu kwamba yeye alimwona vizuri miaka yote na bado alibaki.

Basi pale sokoni Yonis akageuza kichwa kushoto kuutafuta mkia. Mkia ulikuwapo. Kando yake, kwa muda wa kupepesa jicho, palikuwa na mtu mrefu amesimama kimya. Alipomkazia macho, hapakuwa na mtu. Ilibaki harufu ya ngozi inayochomwa chapa, na siku hiyo hakuna aliyewasha moto sokoni. Na mlio mkavu wa kengele ya mti, ile ya kufungwa shingoni mwa ngamia, ukitoka upande ambao haukuwa na mnyama.

Hospitalini, muuguzi wa macho aitwaye Mwende alimpima, akampima tena, kisha akaacha utani. Presha ndani ya macho imepanda, alimweleza. Huwapata baadhi ya watu baada ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Inakula uwezo wa kuona kutoka pembeni kuja katikati, na ilichokula hakirudi. Kilichobaki hulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, mpaka kaburini.

"Daktari," Yonis akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii bresha nakuwa na miguu?"

"Miguu vipi, mzee?"

"Nasimama. Hapa, kushoto. Nanuka."

Mwende akaandika karatasi ya dawa, akampa. "Weka dawa, mzee," akasema. "Usiruke hata siku moja."

Isnino ndiye aliyemdondoshea, baada ya sala ya Alfajiri na baada ya Magharibi, akimshika kidevu kama anamnywesha ndama. Kile kitu hakikuondoka, lakini hakikusogea tena. Kwa miezi mitano kilibaki ukingoni mwa jicho la kushoto kama mnunuzi asiye na haraka. Yonis akakizoea. Alifikia kukitania, akikiambia kwamba kama kinangoja chai basi kijitokeze kama watu wengine. Jambo moja tu lilimkera: hakuwahi kukiona uso. Akigeuka, nacho kiligeuka naye.

Ramadhani ikaingia. Siku ya pili ya mfungo, tone la asubuhi liliteremka kutoka jichoni mpaka kooni, chungu kama mwarobaini, na kutoka kushoto, kwa mara ya kwanza, kikasema.

"Umefungua."

Sauti ilikuwa laini, ya kichamungu, kama ya mtu anayekutakia heri.

Yonis akaenda kwa Sheikh Daud. Sheikh akamwambia jicho si mdomo na dawa ya jicho haibatilishi saumu. Na kama moyo wake una wasiwasi, basi aweke wakati wa daku na baada ya futari. Jibu lilikuwa wazi kama sahani. Lakini Yonis hakuwahi maishani mwake kukubali bei ya kwanza, hata ikiwa bei ya dini, na njiani kurudi ile sauti ikamwongezea: uchungu wa daku hukaa kooni mpaka adhuhuri, mwezi wenyewe ni mmoja, na macho si yametulia miezi mitano? Akamwambia Isnino asijisumbue tena na saumu yake, atajiwekea mwenyewe. Kila siku alichukua chupa, akaingia nyuma ya pazia, akasubiri kidogo, akatoka akipangusa shavu kavu.

Kikaanza kutembea. Siku ya sita kilikuwa kimeumeza mlango wa kushoto wa nyumba, siku ya tisa kikalimeza birika alilozoea kutawadhia, siku ya kumi na mbili Yonis alimtazama binti yake Habibo akikunja sambusa na akamwona nusu tu, jicho moja na shavu moja na mdomo uliokatika katikati ya neno, na pale ambapo nusu ya pili ilipaswa kuwa palikuwa na ule urefu wa rangi ya vumbi, umeinama juu ya msichana kana kwamba unanusa nywele zake, na alipogeuza kichwa kulia kuukimbia, akasikia kengele ya mti ikigonga upande wa kulia pia.

Hakusema. Alijigonga mlangoni, akatania kwamba nyumba imenenepa kwa futari.

Katika soko lile bei haipigiwi kelele. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shali, na vidole ndivyo vinavyosema. Watazamaji huona nyuso mbili zisizo na habari yoyote. Vidole vyote vikibanwa kwa pamoja, biashara imefungwa. Anayerudi nyuma baada ya hapo hana jina tena, wala wanawe hawana.

Siku ya ishirini, jua limesimama utosini, Yonis alikuwa ameegemea boma la ng'ombe, akiitazama dunia kupitia kitundu kisichozidi mdomo wa kikombe, alipohisi mkono ukiingia chini ya shali yake na kuukamata wake. Ulikuwa wa moto kama chuma kilichotoka makaani, na uliijua kazi. Ukabana kidole kimoja, ukakiachia. Kilitaka jicho la kushoto. Harufu ya ngozi inayoungua ikampanda puani, na kengele ikagonga karibu na sikio lake, polepole, kama ya ngamia anayetafuna. Mahat, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo, alisimulia baadaye kwamba alimwona adeer akipatana na hewa, akaona labda ni njaa ya mchana.

Vidole vya Yonis havikuwahi kufundishwa kuogopa. Mnunuzi akija na bei, maana yake hajaichukua mali. Hilo alilijua kuliko jina la babu yake. Akakibana kidole cha mgeni wake na kukisukuma pembeni. Hapana. Mkono ukarudi, ukabana nusu ya kidole: nusu ya jicho. Akasukuma tena. Akaanza hata kujisifu moyoni kwamba anamshusha jini bei mbele ya soko zima na hakuna anayejua, na kwa majivuno hayo akafanya kile ambacho dalali yeyote wa Garissa angekifanya.

"Mimi sifungi bei na mtu nisiyemwona," alinong'ona.

"Unataka kuniona?"

"Nataka kukuona."

"Mzima?"

"Mzima. Mbele yangu, siyo pembeni kama mwizi wa mbuzi."

Vidole vyote vitano vikabana kwa pamoja. Yonis, kwa mazoea ya miaka thelathini, akabana.

Maumivu yalimwangusha chini. Walimpeleka hospitalini akitapika kwa tumbo tupu, macho magumu kama mawe ndani ya kope. Mwende alimwekea dawa zote alizokuwa nazo, na alipokuwa akiziweka alimuuliza kama alikuwa akitumia matone. Yonis akasema ndiyo, kila siku. Pale kando ya kitanda palikuwa na Isnino, ambaye alikuwa ameileta ile chupa kutoka nyuma ya pazia. Hakumsuta. Aliitikisa tu, mara moja, karibu na sikio la mumewe, ili asikie ilivyojaa.

Madaktari wakapasua kushusha presha, nayo ikashuka. Macho hayakurudi, yote mawili.

Sheikh Daud akaja kumsomea nyumbani, alasiri tatu mfululizo, mkono wake juu ya paji la uso la Yonis. Ya kwanza, harufu ilizidi mpaka Habibo akatoka kwenda kutapika. Ya pili, kengele iligonga ndani ya kuta, na kila aliyekuwapo akaisikia na kumkamata jirani yake. Ya tatu, wakati sheikh anaimalizia Suratul Falaq, sauti ya ile kengele ilitoka mlangoni, ikavuka ua, ikashika njia ya mtoni ikififia, na harufu ikaondoka kama pazia lililovutwa. Habibo akalia kwa furaha. Sheikh akajifuta jasho, akasema kimetoka, Alhamdulillah, ila matone yaendelee.

Yonis alikaa mkekani. Gizani mwake, ambamo hapakuwa na mkeka wala ukuta wala mwanga wa mlango, kile kitu kilikuwa kimekaa mbele yake, mzima, kama walivyopatana. Aliuona uso kwa mara ya kwanza. Hakuweza kufumba macho ili asiuone, kwa sababu kufumba na kufumbua kulikuwa kitu kimoja sasa. Na sheikh aliposema, mdomo ule ulisogea kwa maneno ya sheikh. Habibo alipolia, ulilia.

Isnino akapiga magoti karibu yake.

"Baba Habibo," alisema, na ule mdomo ukalisema, "kimeenda. Huoni chochote? Hata kidogo?"

"Naona," alisema Yonis.

Akasikia pumzi ya mkewe ikikatika, pumzi ya mtu anayeogopa kutumaini.

"Unaona nini?"

Miaka thelathini aliuza wanyama bila kumtajia mnunuzi kilema.

"Nakuona wewe," akasema.

Isnino akacheka huku akilia, akasogea ili amtazame vizuri zaidi, na mbele ya Yonis kile kitu, kikicheka kwa sauti ya mkewe, nacho kikasogea.